Kisiwa chenye maji pande mbili: kuishi na kutembea Outer Banks

Ukitembea ufukweni katika kisiwa cha Hatteras asubuhi baada ya dhoruba, maji yakiwa yamepwa, utaokota makombe ya chaza yaliyogeuka meusi kama mkaa. Usiyapite. Chaza hawa hawaishi kwenye mawimbi ya bahari kuu. Huishi kwenye maji matulivu yasiyo na chumvi kali, nyuma ya kisiwa. Na hakuna aliyeyabeba makombe hayo kuyaleta mbele. Kisiwa chenyewe ndicho kilichopita juu yake. Chaza walikufa wakafukiwa na tope upande wa ghuba, mchanga ukasogea juu yao dhoruba baada ya dhoruba, hadi bahari ilipokuja kuwafukua upande wa pili. Mahali pengine utakuta visiki vya miti na mboji ya kinamasi vikichungulia katikati ya mawimbi, kwa sababu hiyo hiyo.

Outer Banks ni mlolongo wa visiwa na ndimi nyembamba za mchanga katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mbele ni Atlantiki. Nyuma ya Hatteras na Ocracoke kuna Pamlico Sound, ghuba yenye urefu wa kilomita zipatazo 130 na kina kifupi kiasi kwamba pengi karibu na nchi kavu unaweza kwenda mbali kwa miguu maji yakiwa ya magoti. Kuna sehemu za kisiwa, kama kaskazini mwa kijiji cha Buxton, ambazo hazifiki nusu kilomita kutoka maji hadi maji. Mgeni huja kwa ajili ya bahari, na macho yake huwa baharini. Hasara kubwa tunazoziona huku, za nyumba na za magari, mara nyingi huanzia kwenye kuyasahau maji ya nyuma, au kusahau kwamba ardhi unayoikanyaga iko safarini.

Ghubani, kupwa na kujaa kwa mwezi ni kudogo mno. Upepo ndio unaoyatawala maji. Ukivuma kutwa nzima kutoka upande mmoja, maji hurundikana upande wa pili na kuacha tope tupu ulikotoka. Kimbunga kinapokaribia, kwa kawaida upepo huanza kwa kuyasukuma maji ya ghuba kuelekea bara. Hapo ndipo watu hudanganyika: wanaona gati limekauka, mashua zimelala ubavu, wanadhani shari imewapita. Kimbunga kikishapita upepo hugeuka, na maji yote yaliyokuwa yamerundikana bara hurudi kisiwani kwa mpigo mmoja. Ndivyo ilivyokuwa Ocracoke tarehe 6 Septemba 2019 wakati wa kimbunga Dorian. Mafuriko ya takriban futi 7, yaani zaidi ya mita 2, yaliingia kijijini kutoka ghubani. Upande wa bahari kulikuwa na matuta ya mchanga ya kuyazuia maji. Nyuma hakukuwa na kitu.

Kwa hiyo unaposoma utabiri, usiishie kwenye kasi ya upepo. Tafuta saa ambayo upepo utageuka na kuvuma kutoka magharibi au kaskazini-magharibi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya maji. Gari lipeleke mapema mahali palipoinuka. Kuliegesha nyuma ya tuta la mbele hakulisaidii kitu ikiwa maji yanakuja kutoka mgongoni. Mashua ifungwe kwa kamba ndefu zenye nafasi ya kupanda na kushuka mita mbili, maana kamba fupi huizamisha papo hapo gatini. Vitu vya stoo ya chini vipandishwe ghorofani siku moja kabla, na umeme wa chini uzimwe kabla maji hayajaonekana.

Angalia pia wazee walijenga wapi. Vijiji vya zamani kama Buxton, Hatteras na Ocracoke vimeegemea upande wa ghuba, penye miti ya mialoni isiyopukutisha majani na ardhi iliyoinuka kidogo. Hawakujenga juu ya tuta linalotazama bahari. Na kwa kuwa walijua maji ya nyuma yatakuja siku moja, nyumba nyingine ziliachiwa tundu lenye kifuniko sakafuni: mafuriko yakifika, kifuniko kinafunguliwa na maji yanaingia, ili nyumba isiinuke ikaelea. Aliyekosa tundu alichukua shoka akavunja mbao.

Sheria za ujenzi za leo zinafuata akili hiyo hiyo. Kwenye maeneo ya mafuriko yasiyopigwa na mawimbi makubwa, chumba kilichofungwa chini ya nyumba lazima kiwe na matundu ya maji angalau mawili, yenye jumla ya inchi moja ya mraba kwa kila futi moja ya mraba ya sakafu (kama sentimita 70 za mraba kwa kila mita ya mraba), na ukingo wa chini wa tundu usizidi sentimita 30 kutoka ardhini. Unapokagua nyumba ya kununua, piga magoti uyapime. Mara nyingi utakuta aliyekuwa akiishi humo aliyaziba kwa ubao ili panya wasiingie, au alipanga makabati mbele yake. Kwenye maeneo yanayopigwa na mawimbi, yanayoandikwa V kwenye ramani za mafuriko, nyumba husimama juu ya nguzo, na ukuta wowote wa chini unatakiwa uwe dhaifu kwa makusudi, ung'oke wimbi likiugonga. Chini ni pa gari, ngazi na stoo tu. Ukikuta chumba cha kulala kimejengwa huko chini, jua umeonyeshwa nyumba yenye matatizo.

Ukiwa bado uko chini, tazama misumari na mabati ya kuunganishia mihimili. Watu hudhani kutu kali zaidi iko upande unaopigwa na mvua na upepo wa bahari. Kumbe mvua huosha chumvi. Mahali pabaya kuliko pote ni chini ya nyumba iliyo wazi juu ya nguzo, ambako hewa ya chumvi inafika lakini mvua haifiki. Chumvi hujikusanya pale mwaka hadi mwaka. Kwa nyumba iliyo ndani ya mita 90 kutoka baharini, viungio vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 vinastahili bei yake. Vya kupakwa zinki hufubaa, huota vidoa vyeupe, kisha vyekundu. Vikifikia hatua ya kumenyuka kama ganda la kitunguu, kazi vimeshaiacha. Suuza huko chini kwa mpira wa maji baridi mara kwa mara, pamoja na mashine ya nje ya kiyoyozi, bawaba za milango na kufuli.

Sasa umbali. Mnara wa taa wa Cape Hatteras, wenye michirizi myeusi na myeupe inayouzunguka, ulijengwa mwaka 1870 ukiwa mita 457 hivi kutoka baharini. Kufikia 1970 zilikuwa zimebaki mita 37. Mwaka 1999 uliinuliwa mzima ukakokotwa juu ya reli mita 884 kuelekea ndani. Waliokuwa wakipendekeza ukuta wa kuuzingira walishindwa, na naona ilikuwa heri. Ukuta huirudisha nguvu ya wimbi chini kwenye mchanga ulio mbele yake. Ukuta hubaki, ufukwe huondoka. North Carolina imezuia kuta za aina hiyo upande wa bahari kuu tangu miaka ya 1980.

Kinachotumika badala yake ni umbali wa lazima. Mwenye kujenga hupima kuanzia mstari wa kwanza wa mimea ya asili iliyoshika. Nyumba isiyofikia futi 5,000 za mraba lazima ikae nyuma kwa kiwango cha mmomonyoko wa mwaka mara 30, na isipungue futi 60, yaani mita 18. Fanya hesabu hiyo kichwani kabla ya kupenda nyumba yoyote. Ufukwe unaopoteza futi 6 kwa mwaka unataka futi 180. Ila nyumba ya zamani ilipimwa kwa mstari wa wakati ule. Mimea imesharudi nyuma, nyumba imebaki palepale, na hivi sasa huenda ngazi zake zinakanyaga mchanga mtupu. Huko kijijini Rodanthe nyumba mbili zilianguka baharini siku moja, tarehe 10 Mei 2022, bila kimbunga chochote kutua. Mawimbi ya siku kadhaa ya dhoruba iliyokuwa mbali yalitosha. Tangu 2020 nyumba zaidi ya ishirini zimekwenda hivyo Rodanthe na Buxton.

Kumwaga mchanga mpya ufukweni kunasaidia kwa muda. Mji wa Nags Head ulifanya hivyo mwaka 2011, yadi za ujazo milioni 4.6 kwenye kilomita 16 za ufukwe. Lakini mchanga huo nao husafiri, hivyo anayenunua aulize ufukwe uliongezwa lini na nani atalipa awamu inayofuata, maana kodi hupandishwa kwa ajili hiyo.

Bima ina mitego yake. Bima ya mafuriko ya serikali kuu huishia dola 250,000 kwa nyumba ya kuishi na dola 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia. Kuikimbilia wakati kimbunga kimeshapewa jina ni kuchelewa. Upepo hukatiwa bima yake mbali na maji, na baada ya dhoruba ugomvi huwa ni kipi kilivunja ukuta. Piga picha za kila chumba na za nje kila mwanzo wa Juni, msimu unapofunguka, ukaziweke mahali ambapo hazitalowa. Chungulia pia ramani za sheria ya serikali kuu ya mwaka 1982 kuhusu visiwa vya mchanga vya pwani (Coastal Barrier Resources Act): nyumba zilizojengwa baada ya eneo lao kuingizwa humo hazipati bima ya mafuriko ya serikali kabisa.

Kuendesha gari mchangani kuna adabu yake. Kaskazini mwa Corolla barabara ya lami inakwisha, na wakazi wa Carova hawana njia nyingine zaidi ya ufukwe wenyewe. Huko kusini, ndani ya hifadhi ya taifa ya Cape Hatteras, kibali kinahitajika, nacho kinadai uwe na koleo, jeki, ubao wa kuwekea jeki na kipimo cha upepo wa tairi. Ubao ndio watu huudharau. Jeki bila ubao huzama mchangani wakati gari limekaa palepale.

Simama kabla ya njia ya kushukia ufukweni, uweke gari kwenye nguvu ya magurudumu yote manne, kisha toa upepo kwenye tairi zote nne hadi PSI 20. Tairi likilegea hutandaa, na uzito wa gari hugawanyika juu ya mchanga mwingi zaidi. Watu hushusha mbili za nyuma tu, au huishia 28 kwa woga, kisha hukwama hatua kumi baada ya kushuka. Fuata alama za waliotangulia. Mwendo uwe wa kutosha kuelea juu ya mchanga, lakini ndani ya hifadhi usivuke maili 15 kwa saa, kama kilomita 24. Ukitaka kusimama, ondoa mguu kwenye mafuta gari lijisimamie. Breki hurundika kilima kidogo mbele ya kila tairi, na kilima hicho ndicho kitakachokuzuia kuondoka.

Magurudumu yakianza kuzunguka bure, achia mafuta mara moja. Kila mzunguko wa ziada unachimba. Teremka, fukua mchanga mbele na nyuma ya kila tairi, fukua pia chini ya tumbo la gari ikiwa limekalia mchanga, punguza upepo tena kidogo, kisha rudi nyuma polepole juu ya njia uliyojia, kwani imeshashindiliwa. Usiegeshe chini ya mstari wa majani makavu yaliyoachwa na maji kujaa; siku za bamvua maji huupita hata huo. Na usikimbilie mchanga wenye unyevu ulio kando kabisa ya maji eti ni mgumu. Wimbi moja likipita chini ya tairi, mchanga huyeyuka na gari huinama upande wa bahari. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kwanza kabla ya kushika mwendo, kwa sababu tairi legevu hupata joto na kupasuka. Jioni hiyo hiyo osha chini ya gari.

Farasi wa mwituni wa Corolla watasogea karibu na dirisha. Kaa nao mbali futi 50, kama mita 15, na usiwape tofaa wala karoti. Matumbo yao yamezoea majani makavu ya matuta, na tunda moja linaweza kuwaua.

Kuhusu kuogelea, panda kwanza juu ya daraja la mbao linalovuka tuta, usimame dakika kumi. Nje kidogo kuna fungu la mchanga linalokwenda sambamba na ufukwe, na mawimbi huvunjika juu yake. Maji yanayosukumwa ndani ya fungu lazima yatafute pa kutokea, nayo hutokea penye pengo. Pengo hilo ukilitazama kutoka juu huonekana kama njia nyeusi, isiyo na povu jeupe la mawimbi, wakati kulia na kushoto mawimbi yanavunjika vizuri. Povu na mchanga juu yake huelekea nje. Mtu asiyejua huchagua kuingia hapo hapo, kwa sababu panaonekana pametulia. Mkondo huo unaweza kufika futi 8 kwa sekunde, yaani karibu mita 2 na nusu, na hakuna muogeleaji wa kushindana nao. Mara nyingi huwa mkali maji yakiwa yanapwa, kwani mlango wa kutokea umekuwa mwembamba.

Ukikushika, haukuvuti chini, unakupeleka nje. Elea, pumua, kisha ogelea sambamba na ufukwe hadi uyafikie mawimbi yanayovunjika, ndipo ugeuke na kurudi nayo kwa mshazari. Kinachoua ni kupigana nao ana kwa ana hadi nguvu zinakwisha. Na anayeruka kumfuata mwenzake bila kitu cha kuelea mara nyingi huwa wa pili kuzama. Tupa boya, ubao, hata sanduku la barafu lililofungwa vizuri. Siku za kuogopa zaidi ni zile za jua kali na upepo mtulivu, kimbunga kikiwa mamia ya kilomita baharini. Mbingu haikuambii lolote. Bendera nyekundu ndiyo inayokuambia.

Upepo hupanga hata siku ya kawaida. Ukivuma kutoka magharibi, boya la mtoto linaloelea upande wa bahari huondoka kwenda nje kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea. Siku hiyo maboya yabaki nyumbani. Ukivuma kutoka mashariki, hatari hiyo huhamia ghubani, kwa watu wanaosimama juu ya ubao na kupiga kasia. Kiangazi, upepo wa kusini-magharibi ukidumu siku mbili tatu huyasukuma maji ya juu kwenda nje, na maji baridi ya chini hupanda: usiku mmoja tu ufukwe wa Duck au Kitty Hawk hugeuka wa kutetemesha meno katikati ya Julai. Upepo wa nchi kavu huleta pia nzi wanaouma kutoka vinamasini.

Shimo ulilochimba ufukweni lifukie kabla ya kuondoka. Kasa hupanda kutaga usiku kuanzia Mei hadi Agosti, na shimo la kina cha goti humnasa. Majani marefu yenye mashuke yanayoota juu ya matuta hayachumwi, sheria inakataza, na yanastahili kulindwa kwa kuwa mizizi yake ndiyo inayolishika tuta. Njia moja ya mkato ya miguu juu ya tuta ikitumiwa msimu mzima inatosha kuwa mlango wa bahari ya msimu ujao.

Maana milango hufunguka kweli. Septemba 2003 kimbunga Isabel kilikata mlango mpya kati ya Frisco na kijiji cha Hatteras, na kijiji kikabaki kisiwa peke yake hadi wahandisi wa jeshi walipoufukia. Agosti 2011 kimbunga Irene kilikata mwingine Pea Island. Barabara ni moja, namba 12, na hata dhoruba ya kawaida ya kaskazini-mashariki huweza kuifunika kwa maji na mchanga. Ukilazimika kupita, subiri maji yapwe, si saa yanapojaa, na usilipitishe gari kwenye maji ya chumvi kwa kudhani ni dimbwi la mvua: breki na nyaya zake zitaanza kuoza wiki chache baadaye.

Amri ya kuondoka ikitolewa, wageni hutangulia, wakazi hufuata. Ocracoke hakuna daraja, na vivuko husimama upepo ukizidi, saa nyingi kabla ya kimbunga kufika; anayesubiri kuona hali itakuwaje ameshaamua kubaki. Mkazi awe na kibali cha kurudi tangu mapema, kwa sababu baada ya dhoruba darajani hawapiti wote kwa pamoja. Anayebaki aweke maji lita 4 kwa kila mtu kwa kila siku, kwa siku kadhaa, kwani umeme ukikatika pampu za maji nazo husimama.

Ukirudi, usiwashe umeme kabla hujaona kama maji yalifika kwenye soketi; alama yake ni mstari wa tope ukutani. Nusa gesi. Angalia kama tangi la maji taka limefukuliwa au kupasuka, na likiwa hivyo usiogelee mbele ya nyumba hiyo. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Nyumba moja ikianguka, mbao zake hutapakaa kilomita nyingi kusini, na misumari hubaki mchangani muda mrefu baada ya mbao kuzolewa. Nunua sumaku ya magurudumu, ile ya mafundi wa paa, uivute kwa mistari iliyo karibu karibu kutoka tuta hadi majini, kisha urudie baada ya kila bamvua, maana maji hufukua mingine.